Mvinyo mwekundu wa Ufaransa kwa yuro 8 hadi 15: kwa nini Cahors bado ni wa bei poa?

Kizibuo · #1

Salaam wakuu. Natupa hoja na nitaitetea mpaka uzi ufungwe: kwa yuro 8 hadi 15 sijaona mvinyo mwekundu wa Ufaransa unaoipita Cahors.

Kwa wasioufahamu, Cahors ni mji wa kusini-magharibi, kaskazini mwa Toulouse, umekaa ndani ya kombo la mto Lot. Mizabibu imefuata mto ukiteremka magharibi, kupitia Parnac na Luzech hadi Puy-l'Évêque na kuendelea. AOC ya Cahors, yaani daraja rasmi linalolinda jina la eneo na kuweka masharti ya mvinyo wake, ni ya mwekundu peke yake. Zabibu kuu ni Malbec, isiyopungua asilimia 70, na nafasi iliyobaki ni ya Merlot na Tannat. Rangi yake nzito, ukiweka kidole nyuma ya glasi hukioni. Mdomoni unapata zambarau na forosadi zilizoiva, ukakasi unaoshika fizi, na uchachu unaokufanya utake tonge jingine la nyama.

Swali langu: kama ndani ya chupa kuna vyote hivyo, kwa nini chupa ya Bordeaux au ya Mendoza kule Argentina yenye ubora uleule inauzwa zaidi?

FundiPipa · #2

Jibu ni mwaka 1956. Februari ile baridi kali iliua karibu mizabibu yote ya Cahors. Siyo machipukizi, ni mashina yenyewe. Watu wakaanza upya kwenye ardhi tupu. AOC ilipopatikana mwaka 1951, mashamba...

Nimeandika haraka, narudi.

MtoLot · #3

Subiri kidogo FundiPipa. 1951 haikuwa AOC, ilikuwa VDQS, daraja la chini yake. AOC ni 1971, Georges Pompidou akiwa rais, naye alikuwa na nyumba Cajarc, hukohuko wilaya ya Lot.

Ila hoja yako nimeielewa: jalidi ilikuta eneo ndiyo kwanza linainuka kutoka filoksera, mdudu aliyeua mizabibu karne ya 19. Mtu aliyeanguka mara mbili hapandishi bei.

FundiPipa · #4

Kweli, VDQS. Nashukuru kwa marekebisho. Hoja inabaki: AOC ilipofika 1971, sehemu kubwa ya mizabibu ilikuwa michanga, imepandwa baada ya 1956. Mzabibu mchanga huzaa zabibu zisizo na kina, na jina la eneo likajengeka kwa mvinyo wa aina hiyo. Leo mashina hayohayo yana miaka hamsini, sitini, yanatoa mvinyo mzito, lakini mnunuzi bado analipa bei ya sifa ya zamani. Ndiyo maana nafuu ipo.

BiForosadi · #5

Mimi naona 1956 inabebeshwa mzigo usio wake. Tatizo la Cahors ni mto. Lot unaingia Garonne, na Garonne unapita Bordeaux kabla ya bahari. Bordeaux ilipokuwa chini ya wafalme wa Uingereza ilijipatia haki ya kuzuia mivinyo ya bara: mapipa ya Cahors, Gaillac na kwingineko juu ya mto yalisubiri wa Bordeaux wauze kwanza, na muda wa kusubiri ukasogezwa hadi Krismasi. Enzi zile mvinyo haukutunzika, ukichelewa miezi miwili umekosa soko la mwaka. Zuio hilo lilidumu karne kadhaa, likafutwa kwa amri ya Turgot, waziri wa fedha wa mfalme wa Ufaransa, mwaka 1776.

Sasa hesabu: karne tano jirani yako anajenga jina London na Amsterdam, wewe umefungiwa mlangoni kwake. Pengo la namna hiyo halizibiki kwa miaka hamsini ya AOC.

Kizibuo · #6

BiForosadi hapo umenigusa. Na tuongeze kwamba wafanyabiashara wa Bordeaux walewale walinunua Cahors na kuuchanganya na wao ili rangi ishike. Waliukataa kwa jina, wakautaka kwa nguvu.

Nyama_na_Glasi · #7

Wakuu, historia nzuri lakini mbona mnamruka Malbec wa Argentina? Zabibu ni ya Argentina, wale ndio walioifanya ijulikane. Cahors wameiga, wanauza kwa bei ya mwigaji.

MtoLot · #8

Hapana, hapana. Malbec ni mzaliwa wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha wazazi wake: Prunelard, zabibu ya upande wa Gaillac, na Magdeleine Noire des Charentes. Huyo Magdeleine ndiye mama wa Merlot pia, kwa hiyo Malbec na Merlot ni ndugu wa mama mmoja. Argentina ilifika mwaka 1853, mikononi mwa mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, alipoitwa kuanzisha bustani ya kilimo Mendoza.

Kilichokuchanganya ni majina. Kule Lot wakulima wanaiita Côt, au Auxerrois. Waargentina ndio waliochapa neno Malbec kwenye lebo na kulitangaza dunia nzima. Lebo za Cahors zilikaa na neno "Cahors" tu, na mteja hakujua ndani kuna nini.

Mwanadivai · #9

Auxerrois si zabibu nyeupe ya Alsace?

MtoLot · #10

Ndiyo, na ni mmea mwingine kabisa. Jina moja, mimea miwili. Kwenye chupa ya Cahors, Auxerrois ni Malbec.

Nyama_na_Glasi · #11

Nimekubali, imezaliwa Ufaransa. Lakini bei je? Mtu akitaka Malbec anachukua wa Mendoza kwa sababu ni laini, umeiva kwa jua, hauhitaji kusubiri. Cahors unakwaruza ulimi kama ndizi mbichi. Bei ndogo ni ya ukakasi, hamna fumbo hapo.

JagiLaKioo · #12

Ukakasi mwingi unaolalamikiwa mtaani ni wa namna ya kuandaa chupa. Niandike kwa urefu, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Joto. Cahors unataka nyuzi 16 hadi 18. Ukiunywa kwenye 10, tanini, ile inayoleta ukakasi, inakaza na ladha ya matunda inajificha. Ukiunywa kwenye 28, pombe inapanda puani na mdomo unawaka. Vitabu vya Ulaya vinasema "joto la chumba", lakini chumba kinachosemwa ni cha nyumba ya mawe isiyo na hita. Chumba cha Dar mwezi Februari hakimo.

Hewa. Chupa ya miaka miwili hadi mitano: mimina yote kwenye jagi pana, kwa kasi, iache saa moja na nusu hadi mbili. Kuondoa kizibo na kuacha chupa wazi hakusaidii kitu, kwa sababu hewa inagusa duara la shingo tu, halizidi sarafu. Huna jagi la maalumu? Jagi lolote safi la kioo linatosha, mradi halina harufu ya juisi.

Chupa ya miaka kumi na zaidi ni kinyume chake. Isimamishe wima siku nzima mashapo yashuke. Mimina polepole kwa mkupuo mmoja, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo, na ukiona uzi mweusi unakaribia mdomo wa chupa, simama. Usiiache saa mbili. Nusu saa, tena uionje kila mara, kwa sababu harufu ya mvinyo mzee hukimbia.

Glasi. Jaza theluthi moja tu.

Mwanadivai · #13

Shukrani JagiLaKioo. Kwa hiyo Dar niweke kwenye friji nusu saa kabla?

JagiLaKioo · #14

Nusu saa inamfaa mwenye chumba cha nyuzi 20. Chupa iliyo kwenye 30 ndani ya friji ya kawaida ya nyuzi 4 inataka saa moja na nusu, hata karibu mbili. Una haraka? Ndoo yenye barafu na maji, nusu kwa nusu, dakika 15 hivi. Barafu tupu bila maji ni polepole, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu.

Na ukishaimimina kwenye jagi, kumbuka itapanda joto tena. Ipoze hadi 14, mezani itafika 17 yenyewe.

MzabibuDodoma · #15

Niingie kwa upande wa shamba. Malbec ni mmea mgumu kuulea. Maua yake yanapukutika kirahisi: mvua na baridi zikija wakati wa kuchanua, chavua haifanyi kazi, shada linabaki na punje chache. Unaogopa jalidi. Unaogopa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu. Ndiyo maana Bordeaux wenyewe waliokuwa nao kwa wingi zamani walihamia Merlot baada ya 1956 ileile. Kwa hiyo Cahors wamebaki na zabibu ambayo mavuno yake hayatabiriki. Mwaka huu umejaza matangi, mwaka ujao huna cha kumpelekea mteja, na mteja huhamia kwingine. Jina halijengwi kwa rafu iliyo tupu mwaka mmoja kati ya mitatu.

Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea, na jalidi ya Aprili tunaisoma tu. Kule Lot usiku mmoja unamaliza mwaka. Imetokea Aprili 2017, Aprili 2021 na Aprili 2024.

BiForosadi · #16

MzabibuDodoma, mavuno yakipungua bei ingepaswa kupanda, siyo kushuka. Hoja yako inavuta upande wa pili.

MzabibuDodoma · #17

Inapanda kwa anayesubiriwa. Bourgogne ikipigwa jalidi wanunuzi wanapigana mlangoni. Cahors ikipigwa, duka linajaza rafu kwa Mendoza na maisha yanaendelea.

FundiPipa · #18

Nimerudi. Kabla hatujaenda mbali, anayetaka kununua asome lebo hivi:

Kwanza hakikisha neno Cahors limefuatwa na "Appellation d'Origine Protégée" au "Contrôlée", ndiyo AOC yenyewe. Ukikuta "Côtes du Lot" hiyo ni IGP, daraja la chini ya AOC, sheria zake legevu zaidi, zabibu nyingi zinaruhusiwa. Siyo mbaya, ila isiuzwe kwa bei ya Cahors. Mwenye duka akikuambia ana "Cahors mweupe" amekosea. Mweupe na wa waridi wa eneo hilo huenda kwenye IGP au Vin de France, mvinyo usiotaja eneo.

Pili tafuta aliyetia chupani. "Mis en bouteille au château", "au domaine" au "à la propriété" maana yake umefungwa shambani, au na ushirika unaohesabiwa kama shamba la wanachama wake. Ukisoma "mis en bouteille par" na jina la kampuni lenye anwani inayoanza na 33, umefungwa Gironde, upande wa Bordeaux, na mfanyabiashara aliyenunua kwa wingi. Anwani ya Lot inaanza na 46.

Tatu, angalia juu ya kifuniko cha shingo kama kina muhuri wa kichwa cha Marianne, mwanamke wa nembo ya Ufaransa. Herufi R ni mkulima mwenyewe, N ni mfanyabiashara, E ni mwenye ghala. Siku hizi muhuri huo si lazima, usiikatae chupa kwa kuukosa.

Nne, "élevé en fûts de chêne" ni mapipa ya mwaloni kweli. Aliyetumia vipande vya mbao kwenye tangi haruhusiwi kuandika hivyo. Kwa bei ya yuro 9 mimi nafurahia zaidi chupa isiyo na mwaloni kabisa, ya tangi la saruji au chuma, kwa sababu pipa jipya ni ghali na anayelitumia kwenye mvinyo wa bei hiyo amebana mahali pengine.

PwaniNdefu · #19

FundiPipa bandiko lako nimelihifadhi. Swali: kuna tofauti ya kweli kati ya bondeni na juu ya uwanda, au ni maneno ya wauzaji?

MtoLot · #20

Ipo, na unaweza kuionja bila mtu kukuambia.

Mto umeacha matuta, moja juu ya jingine. Tuta la chini kabisa, karibu na maji, ni mchanga na tope lenye rutuba. Mmea unazaa sana, mvinyo ni mwepesi, wa kunywewa mapema. Tuta la pili na la tatu yana kokoto na udongo wa mfinyanzi, maji yanapita haraka, mizizi inalazimika kuzama. Hapo ndipo mvinyo laini, unaojaza mdomo, unapotoka. Juu kabisa ni uwanda wa mawe ya chokaa wanaouita causse, mwinuko wa mita 300 hivi, kuna upepo, usiku ni baridi, zabibu huchelewa kuiva. Mvinyo wake ni mwembamba wa umbo, uchachu mkali zaidi, ukakasi kama vumbi la chaki, na unaishi miaka mingi.

Kwa bei tunayoijadili: ukinywa leo tafuta wa matuta. Ukiweka miaka minane tafuta causse. Causse lilikuwa limeachwa pori kwa muda mrefu, na Georges Vigouroux alipopanda upya shamba la Haute-Serre miaka ya 1970 ililazimu kuvunja mawe kwanza.

Nyama_na_Glasi · #21

MtoLot anaandika kama mwenye nyumba Puy-l'Évêque. Haya, nami nitoe mshindani: Madiran. Kusini zaidi, karibu na milima ya Pyrénées, zabibu ya Tannat. Bei ileile, mvinyo mzito zaidi, na Alain Brumont wa Château Montus ameuthibitisha mbele ya Bordeaux yoyote. Mnasema Cahors hauna mpinzani?

Kizibuo · #22

Aliyekimbia Cahors kwa sababu ya ukakasi sasa anatuletea Tannat! Ndugu yangu, umeruka majivu.

Nyama_na_Glasi · #23

Nimekamatwa. Lakini Madiran wana dawa yake: vipovu vya oksijeni. Patrick Ducournau alianza hapohapo Madiran mwaka 1991, anapitisha oksijeni kidogokidogo sana ndani ya tangi mpaka tanini inalainika. Ndiyo maana Madiran wa leo wa yuro 10 unanyweka ndani ya miaka mitatu.

JagiLaKioo · #24

Njia hiyo imeenea dunia nzima, Cahors pia wapo wanaoitumia. Faida yake umeitaja. Hatari yake ni kipimo: oksijeni ikizidi, matunda yanachoka mapema na mvinyo unakauka ladha kabla ya miaka mitano. Chupa ya namna hiyo usiiweke stoo, inywe.

ZabibuMlimani · #25

Mmesahau Marcillac. Aveyron, udongo mwekundu kama wa Kilimanjaro, zabibu ya Fer Servadou ambayo wenyeji huiita Mansois, AOC tangu 1990. Pombe asilimia 12 hivi, una pilipili manga na forosadi, unapozwa hadi 14 na unaenda na soseji, kuku wa kuchoma, hata samaki wa kukaanga mwenye nyama ngumu. Kwa nchi zetu za joto naona unatufaa kuliko hao vifaru wenu wawili. Na Fronton, jirani ya Toulouse, zabibu ya Négrette, harufu ya maua, ukakasi mdogo.

BiForosadi · #26

Marcillac naupenda, ila eneo lenyewe ni dogo mno. Ukipata chupa nje ya Ufaransa umebahatika. Kizibuo aliuliza nafuu inayopatikana.

PwaniNdefu · #27

Kuhusu kupatikana, tuseme ukweli: nafuu ya Ufaransa haifiki kwetu nzima. Mvinyo wa yuro 9 na wa yuro 40 vinalipia nafasi ileile ndani ya kontena. Tanzania ushuru wa bidhaa kwa mvinyo hutozwa kwa lita, hauangalii bei. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla (Kenya ni 16). Kwa hiyo chupa ya bei ndogo ndiyo inayoumia zaidi kwa uwiano. Aliye Paris, Brussels au Toulouse anafaidi anachokisema Kizibuo. Aliye Mwanza anunue ya daraja la juu kidogo, tofauti ya ubora ni kubwa kuliko tofauti ya bei rafuni.

Na kontena likikaa bandarini juani, mvinyo umepikwa. Kagua kabla ya kulipa: kizibo kimesukumwa juu ya ukingo, kuna michirizi ya kunata chini ya kifuniko, au usawa wa mvinyo umeshuka chini ya shingo wakati chupa ni ya mwaka wa karibuni. Moja kati ya hayo likiwepo, rudisha rafuni. Ukishaifungua, mvinyo uliopikwa unanukia zabibu kavu zilizochemshwa na ladha yake haikai mdomoni.

LikasiBrussels · #28

Jambo kwenu. Uzi mzuri. Mimi nalizwa na kitu kingine: "mvinyo mweusi" wa Cahors. Wauzaji wanasema ni rangi ya asili ya Malbec. Wengine wanasema zamani waliupika. Kipi?

FundiPipa · #29

Walipika. Sehemu ya zabibu au maji yake ilipashwa motoni ili kutoa rangi na kupunguza maji, kisha ikachanganywa na iliyobaki. Mvinyo ulikuwa mzito, wenye nguvu ya kuvumilia safari ya mto na bahari. Clos Triguedina, shamba la hukohuko Cahors, wamefufua njia inayofanana na hiyo kwenye chupa yao iitwayo The New Black Wine, wanazipasha zabibu moto.

MtoLot · #30

Lakini si kila pipa. Ngozi ya Malbec ina rangi nyingi yenyewe, na ukilinganisha na clairet ya Bordeaux ya enzi zile, iliyokuwa karibu na waridi, Cahors wa kawaida usiopikwa ungeitwa mweusi tu.

BiForosadi · #31

Na nguvu hiyo ndiyo iliyoupeleka Urusi. Mvinyo wa komunyo wa Kanisa la Orthodoksi kule unaitwa Kagor, na jina linatoka Cahors. Ila Kagor wa sasa ni mtamu na umeongezewa pombe, usiutafutie Malbec ndani. Hapo nami nina sababu ya tatu ya bei: jina Cahors lilisafiri mbali bila mvinyo wake.

Mwanadivai · #32

Wakuu naleta kesi. Cahors wa 2021, yuro 9, umefungwa "à la propriété". Umemiminwa kwenye jagi saa mbili, joto 17. Rangi nyepesi kuliko nilivyosoma humu. Uchachu mkali, na mwishoni kuna ladha kama jani la nyanya. Siyo harufu ya boksi lililolowa wala ya kiberiti, yaani haijaharibika. Tatizo nini?

MzabibuDodoma · #33

Mwaka. Jalidi ya Aprili 2021 iliua macho ya kwanza, mmea ukachipua upya kutoka macho ya pili, yanayochelewa. Kiangazi nacho kikawa na baridi. Zabibu zilivunwa hazijaiva sawasawa, na jani la nyanya ndiyo ladha ya zabibu isiyoiva.

MtoLot · #34

Au tuta la chini. Mavuno mengi, maji mengi, rangi hafifu.

MzabibuDodoma · #35

Mavuno mengi 2021? Mkuu, mwaka huo watu walivuna robo.

MtoLot · #36

Waliopigwa, ndiyo. Jalidi haikugawa sawa, na kuna mashamba yaliyojaza matangi mwaka huohuo. Mwanadivai, lebo inasema kijiji gani?

JagiLaKioo · #37

Mimi nashuku mikono ya pishini. Shada likivunwa na mashine halafu vikonyo visitolewe vizuri, unapata majani na ukijani hata kwenye mwaka mzuri. Mwaka wa 2021 mwenye pishi mzuri alichagua punje mezani na kuuza mvinyo mchache. Wa yuro 9 hakuwa na nafasi ya kuchagua.

FundiPipa · #38

Uliula na nini? Bila nyama yenye mafuta, tanini haina pa kujishika, inashika mate yako. Kule kwao unaenda na bata aliyehifadhiwa ndani ya mafuta yake, au kondoo wa Quercy. Hapa mbavu za mbuzi za kuchoma, chumvi ya kutosha. Pilau ya nyama inakubali, mdalasini na karafuu vinaelewana na Malbec. Pilipili kichaa weka mbali, pombe ya asilimia 14 inazidisha moto. Samaki wa mafuta kama jodari utakupa ladha ya chuma mdomoni.

Mwanadivai · #39

Ulienda na kuku wa tui. Kijiji ni Parnac.

FundiPipa · #40

Tui! Hapo kuna utamu wa nazi, na utamu wa chakula unafanya mvinyo mkavu uonekane mchachu na mchungu zaidi. Nusu ya kesi imeisha.

MtoLot · #41

Parnac iko ndani ya kombo la mto, na ndipo ulipo ushirika mkubwa wa eneo. Matuta yote matatu yapo hapo, kwa hiyo kijiji hakitoi jibu.

Kizibuo · #42

Mwanadivai, kama imebaki nusu, ziba kwa kizibo chake, weka friji, itoe kesho saa moja kabla ya kula, uchome mbavu za kuinywea. Ukakasi utashuka.

Mwanadivai · #43

Nimefanya hivyo. Kwa mbavu imekuwa chupa nyingine, ukakasi umelainika na zambarau imeanza kutoka. Lakini ule uchachu uko palepale, na jani la nyanya bado lipo kwa mbali.

JagiLaKioo · #44

Hewa inalainisha tanini, uchachu haiugusi, na harufu ile ya ukijani haiondoi. Kwa hiyo kilichobaki kimetoka shambani au pishini.

MzabibuDodoma · #45

Shambani.

JagiLaKioo · #46

Atafute 2020 au 2022 ya mfungaji huyohuyo. Miaka yote miwili ilikuwa ya joto. Jani la nyanya likirudi, ni pishi.